Dresa Aliuliza Mara Tatu

Ngoja nianze na mikono yake. Kabla hajamgusa mtoto tumbo, Dresa alikuwa anaingiza mikono yote miwili kwapani, anaibana, anasimama hivyohivyo kama kuku aliyenyeshewa. Sisi tumejaa kwenye benchi la zahanati na watoto wetu tunamtazama. Asubuhi za huku kwetu milimani si mnazijua, ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Basi kama kuna mama mgeni anashangaa, "Huyu naye anaumwa?" Tunamwambia, "Tulia dada, anapika mikono." Ikishaiva ndiyo anakwenda kwa mtoto. Alikuwa anasema mkono wa baridi unalitisha tumbo, na tumbo likitishika linakaza, sasa utajuaje limekaza kwa ugonjwa au limekaza kwa ajili yako?

Jina alikuwa nalo, ila hatukulitumia. Ni Dresa tu, jina la kazi yake ya kufunga vidonda. Hata mke wake alikuwa anamwita Dresa, mpaka watu wanacheka, "Mama, na nyumbani anakufunga kidonda?" Kwao wapi, baba yake nani, hayo sikuuliza na yeye hakusema. Ninachojua alitokea kwenye mashamba ya mkonge kule tambarare, alikokuwa anafunga vidonda vya wakata mkonge. Akaletwa huku juu miaka ya karibu na Uhuru, bati la zahanati likiwa bado linaumiza macho jua likitoka. Nilipoolewa na Baba Naelijwa nilimkuta, na aliondoka wakati wa vijiji vya ujamaa. Alivyoondoka ndiyo habari ninayotaka kusema. Lakini msiniharakishe, nitafika.

Alikuwa mtu wa kuchekesha bila kutaka kuchekesha. Mkali wa usafi, jamani! Ukija na mtoto ana kamasi, anakurudisha mtoni. Kucha anakagua, masikio anakagua. Halafu yeye mwenyewe pua imejaa ugoro! Anapiga chafya, anajifuta na leso ya rangi ya udongo, anaendelea kukufundisha usafi. Siku moja bibi mmoja wa jirani akamwambia, "Dresa, ugoro nao ni dawa?" Akamjibu, "Bibi, mimi nimeshaharibika. Tunamwokoa mtoto."

Na damu. Huyu mtu alikuwa anashona mguu uliopasuliwa na shoka, mwenye mguu analia, yeye anaimba nyimbo za kanisani taratibu, na kanisani kwenyewe alikuwa haonekani ila Krismasi. Lakini kuku hawezi kuchinja. Mke wake alikuwa anakuja kwangu na kuku mkononi. "Mama Naelijwa, nisaidie, mwanaume wangu amekimbilia nyuma ya choo." Tunacheka mpaka kuku mwenyewe anatoroka, namkamata, namchinja. Akishakaangwa, huyo Dresa anakula mapaja yote mawili.

Sindano alikuwa mchoyo nazo. Watu walimchukia kwa hilo. Huku kwetu enzi zile mtu hajatibiwa kama hajachomwa. Unatembea kilima na kilima, unafika, anakuuliza maswali kama karani wa sensa, halafu anakupa vidonge vinne na kukwambia uchemshe maji. Wazee wakawa wanasema kwenye dengelua, ile pombe yetu ya miwa, "Huyu dawa anazificha." Naye yupo hapohapo kwenye kona na kibuyu chake, anasikia, anacheka.

Jioni za kisomo cha watu wazima alikuwa anatufundisha barazani pa zahanati. Mimi shule niliijua mwaka mmoja tu, nikatolewa nilee wadogo zangu. Kwa hiyo hata jina langu kuliandika amenifundisha yeye. Anasimama nyuma yangu anasema, "Mama Naelijwa, herufi zako zinatembea kama zimetoka kwenye dengelua." Nacheka, nafuta, naandika tena. Mpaka leo nikitia sahihi mahali, herufi zinasimama wima, na roho inaniuma hapohapo.

Sasa kuuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hasa, kuliko dawa. Mtoto wa tumbo akiletwa, Dresa hamuulizi mama kwanza. Anachuchumaa, anamuuliza mtoto, na kwake kila mtoto, hata wa kike, ni bwana mkubwa. "Bwana mkubwa, umeanguka? Umepigana? Ng'ombe amekusukuma? Mchi umekugonga?" Mama akidakia anamnyamazisha na kidole. Akimaliza na mtoto anamgeukia mama, anauliza yaleyale upya. Halafu anamrusha mtoto. Namaanisha anamwambia aruke. "Ruka kama chura, nione." Na ili mtoto asiogope yeye mwenyewe anaanza, na koti lake jeupe, vikopo vya dawa vinagongana mfukoni, sisi kwenye benchi tunapiga makofi. Alikuwa anasema mwenye minyoo ataruka. Aliyekula mapera mabichi ataruka huku ananung'unika. Ila mwenye tumbo baya haruki, hata umwonyeshe pipi. Anajikunja, anakutazama tu.

Kisha analaza sikio kwenye tumbo. Mpira wake wa kusikilizia ulikatika akangoja mwingine uje kutoka wilayani, haukuja, basi akawa anatumia sikio lake. Anasikiliza muda mrefu mpaka mtoto anacheka kwa ndevu kumtekenya. "Linaongea," anasema, "hilo zuri. Linalonitisha ni lile lililonyamaza."

Sababu ya yote hayo alituambia mwenyewe siku ya kliniki, siku ya kupima watoto uzito. Kule kwenye mkonge kulikuwa na matoroli yanapita juu ya reli, yamebeba majani. Watoto wanadandia. Siku moja mmoja akagongwa tumbo na mpini wa toroli, akaanguka, akainuka, akacheka. Dresa alikuwepo. Akamtazama, hakuona kidonda, hakuona damu, hakuuliza kimemgonga nini wala wapi, akamwambia nenda kacheze. Mtoto akacheza. Akala ugali. Kesho yake akawa mchovu, wakasema malaria. Siku ya tatu wakamzika.

"Tumbo la mtoto halina ukuta," akatuambia, akajipiga kitambi chake, "siyo kama hili. Kitu kikimgonga hapa mbele, na huku nyuma kuna uti wa mgongo, utumbo unabanwa katikati. Unapasuka. Nje hamuoni kitu. Uchafu unamwagika ndani kidogokidogo. Leo anacheza, kesho analala, keshokutwa mnalia. Kwa hiyo mtoto akigongwa tumbo, mnaniletea siku hiyohiyo. Hata kama anacheka. Hamumpi uji, hamumpi maji, hamumpi dawa ya mitishamba, hamumkandi. Mnaniletea na mnaniambia kimemgonga nini. Mimi sina macho ya kuona ndani. Macho yangu ni nyinyi mama zake."

Nilikuwepo. Naelijwa, binti yangu, nilikuwa nimempakata, mdogo. Nikaitikia na wenzangu, "Tumesikia, Dresa."

Haya. Sasa niwaambie habari ya maji.

Ndiva mnaijua, lile bwawa letu la mawe na udongo lililojengwa na mababu. Maji ya kijito yanajikusanya humo, yakijaa mwenye zamu anafungulia, yanashuka na mfereji mpaka shambani kwake. Tundu la chini linazibwa na mti mrefu, mnene wa kukumbatia, umeviringishwa maganda ya migomba na udongo, unagongewa ndani ya tundu kwa nje, unaegemezwa jiwe. Kuufungua ni kazi ya wanaume wawili wanaojua wasimame upande gani. Na mgawa zamu, mtu wa kusema leo fulani kesho fulani, alikuwa mume wangu. Baba Naelijwa. Mtu wa haki mpaka inachosha. Wakati ujamaa umeingia na mambo mengi yamegeuzwa, maji hawakuyagusa, waliyaacha kwake. Mwezi uleule wa kisa changu alikuwa amemtoza mjane mmoja mbuzi kwa kufungulia maji siku isiyo yake. Mjane alilia. Baba Naelijwa akala nyama ile na wazee akarudi nyumbani ananiambia, "Nikimwacha huyu, kesho nani atanisikiliza?"

Mwaka ule mvua zilikatika mahindi yakiwa yanachanua. Majani yamejikunja. Zamu yetu ilikuwa Jumatano, na huyo mgawa zamu nyumbani kwangu hawezi kujisogeza mbele hata siku moja, wala sikuthubutu kumwomba. Jumapili watu wote wako kanisani. Nikasema kichwa kinauma. Nikabaki na Naelijwa, alikuwa na miaka minane, nikamwambia njoo unisaidie kitu. Tulikwenda ndiva sisi wawili, jua linawaka, kwaya inasikika kutoka ng'ambo.

Nilifikiri nitaufungua kidogo tu, nusu saa, kisha nizibe. Nikaondoa jiwe. Nikautikisa mti. Naelijwa amesimama mbele yake anavuta maganda, mimi niko ubavuni natikisa. Mimi ndiye niliyemwambia asimame pale. Mti ukatoka. Haukutoka, ulirushwa! Maji ya bwawa zima nyuma yake. Ukampiga mtoto tumboni kwa kichwa chake, akakaa chini kwenye maji, mdomo wazi, hana sauti.

Nikamchukua. Akavuta pumzi, akalia. Nikamvua gauni nikatazama, alama ndogo nyekundu chini ya kitovu, upande wa kushoto, kama sarafu. Akasema, "Mama, limeacha kuuma." Akatembea mwenyewe mpaka nyumbani. Maji nikayaacha yaende, nani angerudisha ule mti? Yakaingia shambani kwetu, kwa kweli yaliingia vizuri.

Watu walipotoka kanisani wakakuta ndiva tupu. Wakasema mti umejitoa wenyewe, umeoza. Baba Naelijwa akapita shambani, akaona tope. Akarudi, akanawa miguu yake taratibu, akakaa. Hakuniuliza. Na mimi sikusema. Ndivyo tulivyoishi na hilo.

Alasiri mtoto akatapika. Nikamkalisha nikamwambia, nakumbuka mpaka nilivyomshika kidevu, "Mtu akikuuliza, umekula mapera mabichi. Umesikia? Ukisema ndiva, jina la baba yako litaingia matopeni." Akaniuliza, "Na Dresa?" Nikasema, "Hata Dresa."

Jumatatu asubuhi nikampeleka. Mnaona? Nilimpeleka. Nilikuwa nimeogopa, sikuwa mpumbavu, maneno ya toroli nilikuwa nayakumbuka neno kwa neno. Ila nikajiambia mikono yake itajua yenyewe. Nikasema kama ni kitu atakigundua, bila mimi kusema.

Benchi limejaa. Akapika mikono yake, akachuchumaa.

"Naelijwa, umeanguka?"

Mtoto akanitazama. "Nimekula mapera."

"Hukugongwa na kitu?"

"Mapera mabichi."

Akamwambia aruke. Akaruka, kamoja, kadogo, akashika tumbo. Dresa hakupenda. Akamlaza, akaweka mkono, akauacha pale, akafumba macho. Kisha akaniita pembeni, mahali pa kuwekea ndoo.

"Mama Naelijwa, tumbo linakaza upande mmoja. Kimempiga kitu?"

"Hakuna, Dresa."

"Ng'ombe? Mti? Mtoto mwenzake?"

"Mapera tu, na minyoo labda, amezidi kula udongo."

Akanitazama. Akauliza mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayekuombea uokoke. "Mama, nakuuliza, mtoto huyu hakugongwa tumbo jana?"

Nikasema, "Haki ya Mungu."

Basi akaniamini. Angefanya nini? Akampa dawa ya minyoo, akasema anywe uji mwepesi, akasema anataka abaki zahanati amtazame tena mchana. Nikakataa, nikasema nina msaragambo, kazi ya wote kwenye shamba la kijiji, siku ile ilikuwa zamu ya mtaa wetu. Nikambeba mtoto nikamrudisha, nikampa dawa, nikampa uji, msaragambo wenyewe sikwenda.

Mchana akaja mwenyewe nyumbani, kilima chote kile, jasho linamtoka. Naelijwa alikuwa amelala usingizi. Dresa akamgusa, akasema, "Bado sipendi." Akasema anarudi asubuhi na mapema.

Jumanne alfajiri mtoto anatapika kijani. Homa. Tumbo gumu kama ubao wa kukatia nyama, hataki hata shuka limguse. Dresa akafika, akalaza sikio, akasikiliza, akasikiliza. Akainuka, uso umebadilika. Hakuniuliza tena. Akasema tu, "Limenyamaza. Leteni miti miwili na blanketi." Akampa sindano, yeye mchoyo wa sindano, akakataza hata tone la maji, akawa analowanisha kitambaa anamgusa midomo. Wanaume wakafunga machela. Tulishuka mbio mpaka barabara ya lori la kahawa. Njia nzima Dresa anakimbia pembeni ya machela amemshika mtoto mkono anamwambia, "Usilale, bwana mkubwa, nihesabie wanaume waliokubeba." Naelijwa anahesabu, anakosea, anaanza tena.

Lori likatufikisha hospitali kubwa kule chini. Wakampasua. Utumbo ulikuwa umechanika mahali pamoja, urefu wa kidole, na uchafu umetapakaa. Wakakata, wakaunga, wakasafisha, wakamwekea mpira puani. Akapona. Mungu anajua kwa nini alinipa huyo mtoto mara mbili.

Lakini sikilizeni. Daktari aliyempasua alitoka nje, kijana, mchovu, aproni bado imelowa. Kwenye ukumbi tuko mimi, Dresa na muuguzi. Daktari akashika karatasi ya Dresa.

"Wewe ndiye uliyempa dawa ya minyoo?"

"Ndiyo, Daktari."

"Tumbo limepigwa hili, limepigwa na kitu kizito, na wewe unampa dawa ya minyoo na uji? Siku nzima?"

Dresa kofia mkononi. Akanigeukia kidogo tu. Daktari naye akanigeukia. "Mama, mtoto aligongwa na nini?"

Nikasema, "Sijui, baba, labda alianguka mimi sipo."

"Huyu alikuuliza? Alikuuliza kama amegongwa?"

Niliona ndiva. Niliona mume wangu mbele ya wazee, na yule mjane amekaa mbele kabisa. Nikasema, "Hakuuliza."

Dresa alifungua mdomo. Akaufunga. Sijui kama alinitazama, sikuweza kuyaona macho yake kwa sababu nilikuwa naangalia sakafu, ilikuwa sakafu ya saruji nyekundu imepigwa nta.

Habari ilipanda mlima kabla yetu. Niliporudi na mtoto baada ya wiki nyingi, watoto wameshatunga kawimbo, Dresa wa mapera, Dresa wa mapera. Benchi lilibaki na watu wawili watatu. Wale wa sindano wakasema, "Tulisema." Siku moja tukaona mke wake anafunga godoro. Waliondoka na lori la kahawa lilelile, na hakuna aliyewasindikiza. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia lori linavyobadilisha gia pale kwenye kona, nikaendelea kukoroga makande. Nikajua wamemfukuza kazi, na mimi ndiye niliyemfukuzisha. Akaletwa mwingine, kijana, anachoma kila mtu, watu wakafurahi sana.

Nilinyamaza miaka yote Baba Naelijwa akiwa hai. Fimbo yake ya mgawa zamu aliishika mpaka kufa. Tulipokwisha kuanua matanga na mwaka ukapita, nikasikia kwa mtu wa mnadani kwamba Dresa yuko Kisiwani, kile kijiji cha huko chini tambarare, analima. Nikavaa kanga yangu nzuri, nikapanda basi.

Nilimkuta kwenye gunia, anapukuchua mahindi. Amekonda, kitambi hakuna.

"Shikamoo, Dresa."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Huku hawaniiti hivyo. Ni sauti ya Mama Naelijwa hiyo."

"Ndiyo mimi."

"Mtoto?"

"Mzima. Ana watoto watatu."

"Tumbo halimsumbui? Choo anapata vizuri?"

Nikacheka, machozi yananitoka. "Dresa, mtu mzima yule!"

"Nimeuliza."

"Anapata."

Nikakaa chini, nikamwambia. Jumapili, ndiva, mti, sarafu nyekundu chini ya kitovu. Mapera. Mikono yake ikasimama kwenye gunzi. Akaanza kuuliza, upande gani, saa ngapi, alitapika baada ya muda gani, uji alikunywa kikombe kizima au nusu, utafikiri Naelijwa yuko hapo kwenye benchi na miaka yake minane. Nikamjibu kila kitu. Kisha akasema, "Na mimi nilikuuliza?"

Nilidhani ananikejeli. "Nini, Dresa?"

"Jumatatu ile. Nilikuuliza kama amegongwa?"

Nikamtazama. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anataka kujua.

"Uliuliza," nikasema. "Uliuliza mara tatu. Pale kwenye ndoo. Na mtoto ulimuuliza kabla yangu."

"Sema nilivyosema."

Nikasema. Maneno yote, nilikuwa nayo, sikuwahi kuyapoteza. Ng'ombe, mti, mtoto mwenzake. Hakugongwa tumbo jana. Akasema, "Rudia." Nikarudia.

Halafu akasema, "Hawakunifukuza. Walinikanya tu, wakataka kunipeleka zahanati nyingine. Mimi ndiye niliyekataa. Uliposema pale hakuuliza, nilitaka kukubishia. Nikajiambia, mama mwenye mtoto kitandani hawezi kudanganya. Basi ni mimi nimesahau. Siku ile benchi lilijaa, nikasahau kuuliza, kama nilivyofanya kwa yule wa toroli. Mtu anayesahau hilo mara ya pili hafai kushika tumbo la mtoto. Sijashika tena."

Nikapiga magoti. Nikasema nisamehe.

"Inuka, utachafua kanga." Akaokota gunzi jingine. "Naelijwa anajua?"

"Si alikuwepo. Nilimwambia anyamaze, amenyamaza mpaka leo."

"Mwambie aje."

"Nitamleta wiki ijayo, Dresa, nitamleta mwenyewe."

"Sikusema umlete. Aje yeye. Wewe usije."

Naelijwa alikwenda. Aliondoka na basi la asubuhi akarudi na la jioni. Nilikuwa nimemngoja mlangoni tangu saa nane. Nikamuuliza amesema nini, amekasirika, amenitaja? Akavua viatu, akajimwagia maji miguuni, akaniambia kwa upole, mtoto wangu ana upole sana, "Mama, hayo ni yangu na yeye."

Baada ya hapo, kila mavuno ya maharage alikuwa anajaza kikapu anashuka nacho Kisiwani, mpaka mwaka Dresa alipofariki. Kuchagua maharage alikuwa ananiachia mimi. Nayamwaga kwenye ungo, natoa mabovu, natoa mawe, natoa hata yale yaliyopasuka kidogo tu. Kikapu nakibeba mwenyewe mpaka kwenye kituo. Basi likija namkabidhi, anapanda, ananipungia dirishani, na mimi naanza kupanda mlima kurudi.